Fungua Ripoti Kabla ya Kuongeza Seva

Kila ninapoitwa na timu inayolalamika kwamba utafutaji kwenye mfumo wao wa logi (kumbukumbu za matukio ambazo programu hujiandikia) umekuwa mzito, hazipiti dakika tano kabla mtu hajasema: tuongeze seva. Mimi hulipinga wazo hilo, na leo nataka kueleza kwa nini. Seva huelemewa, hilo nalijua. Ila wengi wanaotoa pendekezo hilo hawajafungua hata mara moja ripoti ya utafutaji wanaoulalamikia, na jibu liko humo.

Usiku mmoja huduma ya malipo tuliyokuwa tukiisimamia ilianza kukataa miamala. Mwenzangu alipewa na mteja tarakimu sita za mwisho za namba ya muamala. Akaziandika kwenye kisanduku cha kutafutia, akatanguliza alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, akachagua siku 30 zilizopita asije akakosa kitu, akabonyeza. Dakika tisa baadaye bado alikuwa anasubiri. Kwa wasiwasi akafungua dirisha la pili akatuma hoja ileile, yaani maagizo yaleyale ya utafutaji, kisha la tatu. Kulipokucha, kila aliyekuwa zamu aliamini mashine zimeshindwa kazi. Nilipofungua ripoti ya hoja ya kwanza nikakuta mfumo ulikuwa umesoma mamilioni ya matukio ili kurudisha manne.

Huo ndio uwiano ninaouangalia kabla ya kingine chochote: yamesomwa mangapi, yamerudi mangapi. Splunk, mfumo wa kukusanya na kutafuta logi, huonyesha namba zote mbili kwenye ripoti ya kila utafutaji, tena huutenga muda hatua kwa hatua: muda wa kupekua faharasa (orodha ya maneno na matukio yaliyomo), muda wa kufumua data ghafi iliyobanwa, muda wa kuchambua sehemu za kila tukio. Elasticsearch nayo, mfumo mwingine wa utafutaji, ukiiomba wasifu wa hoja, hukueleza muda uliotumika kwenye kila kipande cha data kwa kila sehemu ya hoja yako. Namba hizo mbili zikikaribiana na bado unasubiri, basi kweli una data nyingi, na hapo tunaweza kuzungumzia mashine. Zikiachana mno, muda wako umeenda kwenye kusoma usichokihitaji, na seva mpya zitakusomea hivyohivyo usivyovihitaji kwa kasi zaidi kidogo.

Kuhusu ile nyota. Chukua kamusi ya Kiswahili utafute maneno yote yanayoanza na "pamb-". Utaufikia ukurasa wake mara moja: pamba, pambana, pambazuka. Sasa tafuta yote yanayoishia na "-isha". Hapo huna budi kuanza A na kwenda hadi Z. Faharasa ya Splunk, na ya Lucene, programu ya utafutaji ambayo Elasticsearch imejengwa juu yake, hupanga maneno kwa namna hiyo ya kamusi. Nyota mwishoni mwa neno inavumilika. Nyota mbele inaondoa faida yote ya mpangilio. Mwaka 2020, katika toleo la 7.9, Elasticsearch ilileta aina ya sehemu iliyotengenezwa mahususi kwa utafutaji huu, lakini lazima uwe umeiandaa kabla data haijaingia. Usiku wa tatizo umeshachelewa.

Kukanusha nako kuna gharama yake. Mtu anaandika: nipe kila kitu isipokuwa majibu ya 200, namba ambayo seva ya wavuti hurudisha mambo yakienda sawa. Faharasa inajua neno fulani limo katika matukio gani, basi. Kwa lisilokuwamo inabidi mfumo uchukue vyote halafu uchuje. Ukitaja namba za hitilafu unazozitaka, 500, 502 na 503, faharasa inakupeleka palepale.

Na iko tabia ya kuunganisha matukio ya kikao kimoja kwa amri ya transaction ya Splunk hata pale ambapo stats, amri ya kujumlisha hesabu, ingetosha. Amri ya stats huanza kufanya hesabu kwenye seva zilizohifadhi data, kila moja ikatuma matokeo mafupi. Transaction hukusanya matukio yenyewe kwenye seva moja ya utafutaji na kuyashikilia kwenye memori hadi yapate wenzao. Wenye seva kumi wanajikuta tisa zimekaa na moja inahema. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo amri inayotumiwa isivyostahili kuliko nyingine zote katika lugha ile.

Lakini hebu nirudi kwa yule mwenzangu na madirisha yake matatu, maana hapo kuna jambo ambalo hata mimi nilichelewa kulielewa. Hoja ya tatu haikuwa nzito. Ilikuwa haijaanza. Splunk huweka kikomo cha utafutaji unaoweza kwenda kwa pamoja, na kwa mipangilio ya awali kikomo hicho ni idadi ya viini vya prosesa ukijumlisha 6. Seva ya viini 16 inabeba 22. Nusu ya nafasi hizo zinaweza kuchukuliwa na kazi zilizopangwa kwa ratiba. Sasa fikiria kila mtu kwenye kampuni amepanga tahadhari zake, yaani utafutaji wa ratiba unaomwarifu kukiwa na tatizo, ziende saa kamili, kwa sababu ndivyo mkono unavyoandika, na kila dashibodi iliyoachwa wazi kwenye skrini inajisasisha yenyewe kila dakika bila mtu kuitazama. Anayekuja na hoja ndogo saa nne na sekunde mbili anakaa foleni, na kwenye skrini yake kungoja foleni na kufanya kazi vinafanana kabisa. Ndiyo maana namuuliza kila mlalamikaji: uzito huu uko saa zote, au uko mwanzoni mwa saa? Akisema mwanzoni mwa saa, natafuta ratiba kabla sijagusa kitu kingine. Kuisogeza nusu ya tahadhari hizo dakika chache mbele hakuna gharama, na watu wengi hawajawahi kufikiria kuwa inawezekana.

Diski zina zamu yake pia. Splunk wenyewe wanashauri hifadhi inayoweza angalau shughuli 800 za kusoma na kuandika kwa sekunde kwa kila seva ya data, na nimeona watu wakiweka logi kwenye hifadhi ya pamoja ya mtandao iliyo mbali na kiwango hicho. Dalili yake ni kwamba utafutaji wa neno adimu, wenye kipindi kifupi, nao unasuasua hata saa ambazo hakuna foleni. Hapo nakubali fedha zitumike.

Kinachonikera ni namna lawama zinavyogawanywa. Mara nyingine mhandisi mkuu anamgeukia aliyeandika hoja na kumwita mzembe, wakati hakuna aliyewahi kumwonyesha ripoti ile ilipo. Mwenzangu alikuwa na mteja kwenye simu na tarakimu sita mkononi. Angefanya nini? Kosa lilikuwa letu tulioruhusu namba ya muamala iandikwe kwenye logi ikiwa imegandana na jina la huduma, kiasi kwamba aliyekuwa na kipande tu hakuwa na njia nyingine ila nyota. Tulibadilisha mstari mmoja wa programu ili namba iandikwe peke yake, ikifuatiwa na tarakimu zake sita za mwisho kama sehemu inayojitegemea. Tarakimu zilezile, sasa bila nyota, kwenye seva zilezile, zikawa zinaleta jibu kabla hujavuta kiti.

Siku 30 zile zilikuwa na mkasa wake. Splunk hutunza data katika mafungu, na jina la folda ya kila fungu hubeba wakati wa tukio lake jipya zaidi na la zamani zaidi, ili kipindi unachochagua kiondoe mafungu mengi bila kuyafungua. Tulipopunguza kipindi hadi saa mbili tukashangaa bado yanafunguliwa mafungu ya miezi iliyopita. Mashine moja ilikuwa na saa iliyokosewa, inaandika matukio yake kwa tarehe za mbele, na kila fungu lililopokea tukio lake hata moja lilinyooshwa mipaka hadi likafunika wiki ambazo halikuwa na habari nazo. Saa tuliirekebisha mchana uleule. Mafungu yaliyokwisha kuandikwa hayakubadilika, na kwa miezi yote hadi muda wake wa kutunzwa ulipoisha tuliendelea kuyafungua kila tulipotafuta.