Masultani sebuleni: watoto wabaki au wakalale?

Mtwara na Lindi, tamthilia za masultani wa Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili huangaliwa na nyumba nzima, pamoja na jirani ambaye kifurushi chake kimeisha. Wapo wazazi wasiotaka watoto wazione, na hoja yao ina uzito. Mauaji ndani yake hupambwa kwa hariri na muziki mtamu, na mengi yalitokea kweli: Sultani Suleiman aliamuru mwanawe Mustafa anyongwe mwaka 1553, na Mehmed III alipotawazwa mwaka 1595 aliua ndugu zake 19. Mtoto wa darasa la pili hana pa kuyaweka mambo hayo. Huyo akalale.

Kuhusu usahihi wa historia, hata Waturuki wamevutana. Mwaka 2012 Erdoğan, akiwa waziri mkuu, alilaumu hadharani tamthilia ya Suleiman kwa kumfungia ndani ya kasri mtu aliyeishi vitani. Ana haki kiasi, kwani Suleiman alifia vitani Hungary mwaka 1566. Ila maneno ya chumbani hakuna aliyeyaandika. Mtunzi lazima ayabuni.

Pamoja na hayo, kwa watoto wakubwa nasimama upande wa kuangalia pamoja, na sababu yangu ni bibi. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo hufuatwa kwa mama, na kwa desturi uongozi humwendea mpwa. Bibi akiona wana wa baba mmoja wakiuana kwa ajili ya kiti, huuliza wajomba wao wako wapi. Si kwamba wapwa hawakugombana. Lakini kwa swali hilo mjukuu hutambua kwamba ufalme una taratibu nyingi, na nyingine ni za kwao. Akiangalia peke yake kwenye simu, nani atamuuliza?

Kinachoniuma ni kwamba watoto wetu wanalijua kasri la Istanbul kuliko Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, hapa hapa Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika mwaka 1331 akamsifu sultani huyo kwa ukarimu wake. Na Machemba, mtawala wa Kiyao kwenye uwanda wa Makonde, mwaka 1890 aliwaandikia Wajerumani barua ya Kiswahili akikataa kuwatii. Visa hivyo vinatosha kuzungumzwa matangazo ya biashara yanapoingia, na bibi ana vingine.