Thaddeus Stevens na ile kesi ya 1821

Kila nikisikia habari za wakili wa Marekani aliyeingia siasa akapigania watu weusi, najua tu anayekuja kutajwa ni Lincoln. Sawa, simkatalii mtu, ila mi mzee wangu ni Thaddeus Stevens, na nampenda pamoja na uchafu wake, tena labda kwa sababu ya huo uchafu.

Alizaliwa 1792 kule Danville, Vermont, mguu mmoja umepinda tangu tumboni, baba akaingia mitini, mama akabaki kuhangaika na watoto wanne wa kiume. Akapambana akasoma chuo cha Dartmouth, na 1816 akafungua ofisi ya uwakili Gettysburg, Pennsylvania, ndo hiyohiyo Gettysburg ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini yenye watumwa.

Sasa wanaomsifia wengi hapa huwa wanapita haraka haraka. Kulikuwa na mama mmoja mtumwa, Charity Butler, wa Maryland. Sheria ya Pennsylvania ilikuwa inasema mtumwa akiletwa akakaa jimboni miezi 6 basi ni huru, na Charity alishaletwa huko mara kadhaa, ukijumlisha siku zake zote miezi 6 inafika na kuzidi. Stevens alikuwa upande gani? Wa mwenye mtumwa. Akasimama mbele ya majaji akasema sheria inataka miezi 6 mfululizo, habari ya kuokoteza siku huku na huku haimo. Kesi akashinda, 1821, na Charity na wanawe wakarudi utumwani.

Kuna wanaomtetea eti wakili hachagui mteja. Aah wapi, alikuwa na ofisi yake mwenyewe, angeweza kukataa. Lakini pia wale wanaosema basi huyo mnafiki tu nao wananichosha, maana baada ya hapo jamaa aligeuka kabisa, akawa anatetea waliotoroka utumwa, na ule mkutano wa katiba ya Pennsylvania wa 1837 hadi 1838 ulipowanyang'anya weusi haki ya kupiga kura, akakataa kuweka sahihi yake.

Bungeni Washington ndo akawa moto wenyewe. Wigi kichwani, ulimi kama wembe, mwenyekiti wa kamati iliyoshika pesa za vita, mpaka jeshi la Kusini 1863 likaenda kumchomea kiwanda chake cha chuma. Vita vikaisha akataka mashamba ya mabwana wakubwa yachukuliwe, kila familia iliyotoka utumwani ipewe ekari 40. Wenzake wakamgomea. Na mi naona hapo aliona mbali kuliko wote, uhuru bila ardhi unamrudisha mtu shamba lilelile kwa bwana yuleyule.

1866 wakati wa Marekebisho ya 14 ya katiba, yale ya usawa mbele ya sheria, aliwaambia wazi kwamba yana mapungufu, ila anayapokea kwa sababu anaishi na binadamu, haishi na malaika. Nikisoma hayo namkumbuka Charity. Huyu alijua kwa mikono yake mwenyewe neno moja la sheria linaweza kumfanya nini mtu.

1868 akiwa hoi, anabebwa kwenye kiti kuingizwa bungeni, bado anataka Rais Andrew Johnson, aliyeshika kiti baada ya Lincoln, ang'olewe, ikakosekana kura moja tu Seneti. Agosti mwaka huohuo akafariki.

Kaburi lake liko Lancaster, kwenye makaburi madogo, na sababu kaiandikisha mwenyewe kwenye jiwe: amelala pale pa kimya si kwamba anapenda upweke, ni kwamba makaburi mengine yalikuwa yanabagua rangi kwa kanuni zao. Mzee kasoma hadi kanuni za makaburi, wakili ni wakili.