Kanzidata Nayo Ni Kazi ya Kitaaluma

Fomu za kuombea kupandishwa cheo katika vyuo vikuu vingi zinafanana: kuna nafasi ya vitabu, nafasi ya makala za majarida, na mwishoni kabisa nafasi ya "mengineyo". Humo ndimo mhadhiri aliyejenga kanzidata (hifadhi ya taarifa iliyopangwa kwenye kompyuta) kwa miaka mingi, au aliyeandika programu inayotumiwa na watafiti wenzake, hulazimika kuitaja kazi hiyo, ikikaa bega kwa bega na warsha alizohudhuria. Naona huo ni uonevu, na unaidhuru taaluma yenyewe.

Tuchukue SlaveVoyages, kanzidata ya safari za meli zilizosafirisha watumwa kuvuka Atlantiki, ambayo ilitolewa kwenye CD mwaka 1999, ikawekwa mtandaoni mwaka 2008, na sasa ina safari zaidi ya 36,000. Meli mbili zenye jina moja, zilizoandikwa katika bandari mbili tofauti, ni meli moja au mbili? Pale ambapo idadi ya waliopakiwa haikuandikwa, ikadiriwe kwa msingi gani? Anayejibu maswali hayo, safari baada ya safari, anafanya utafiti, tena utafiti ambao makala nyingi za wengine zitausimamia.

Wanaopinga husema kwamba makala hupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, ilhali tovuti yeyote anaweza kuianzisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kuwatafuta wataalamu waipitie kazi hiyo, wakiitumia ikiwa hai kwenye kompyuta, kama unavyoelekeza mwongozo wa MLA, chama cha wanataaluma wa lugha na fasihi cha Marekani, badala ya kusoma kurasa chache zilizochapwa. Azimio la DORA la mwaka 2013, linalohusu namna ya kutathmini utafiti, nalo linataka data na programu zithaminiwe pamoja na makala, na ubora wa makala usipimwe kwa jina la jarida. Vyuo vingi vimelitia saini. Fomu, hata hivyo, mara nyingi zimebaki zilezile.

Linaloniuma zaidi ni kazi ya utunzaji. Kitabu kikishachapishwa, mwandishi anaweza kukiacha. Kanzidata ikiachwa, seva huzimwa, viungo hukatika, na makosa yanayoripotiwa na watumiaji hubaki bila kusahihishwa. Kazi hiyo ya kila mwaka ipewe nafasi yake katika fomu, na ihesabiwe katika saa za kazi za mhadhiri kama zinavyohesabiwa saa za kufundisha.