Polietilini oksidi kama kipimo cha elektroliti za polima: inastahili, lakini kwa masharti

Mwaka 1973 Fenton, Parker na Wright walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba polietilini oksidi, ambayo wakemia huiita PEO, huungana na chumvi za metali alkali, na mwishoni mwa muongo huohuo Michel Armand akapendekeza kwamba michanganyiko ya aina hiyo itumike kama elektroliti mango, yaani kitu kigumu kinachopitisha ioni kati ya elektrodi, ndani ya betri. Tangu hapo polima hii imekuwa chaguo la kwanza la karibu kila maabara inayoanza utafiti wa aina hii. Kwa maoni yangu bado inastahili kuwa kipimo cha kulinganishia polima nyingine, ila tarakimu zinazotokana nayo hazina thamani pale ambapo namna utando wa polima na chumvi ulivyotayarishwa haikuelezwa kikamilifu.

Sababu za kuipenda ni za msingi. Atomu za oksijeni zimepangika katika mnyororo wake kwa nafasi zinazouwezesha kuizunguka ioni ya lithiamu na kuitenganisha na ioni hasi ya chumvi, kwa hiyo chumvi nyingi za lithiamu huyeyuka ndani yake. Sehemu zake zisizo na fuwele hubaki laini hadi karibu nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, na ni kutikisika kwa minyororo hiyo laini kunakosafirisha ioni. Hupatikana pia kwa uzito wa molekuli wa namna nyingi, hata wa mamilioni kadhaa, na utando wake hujishikilia wenyewe bila kuhitaji kitu cha kuutegemeza.

Kasoro kubwa inatokana na fuwele. Mwaka 1983 Berthier na wenzake walionyesha kwamba ioni husafiri hasa katika sehemu zisizo na fuwele, na PEO huwa na fuwele nyingi mpaka ikaribie nyuzi 65, joto ambalo fuwele hizo huyeyukia. Ndiyo maana utando wenye LiTFSI, chumvi ya lithiamu inayotumika sana, kwa uwiano wa takriban atomu 20 za oksijeni kwa kila lithiamu, huweza kufikia upitishaji wa karibu sehemu moja ya elfu ya simensi (kizio cha upitishaji) kwa sentimita ukipashwa joto hadi nyuzi 80, lakini katika joto la kawaida la chumba hushuka hadi kati ya sehemu moja ya milioni na sehemu moja ya laki ya simensi, ilhali elektroliti za kimiminika hufika karibu sehemu moja ya mia ya simensi. Zaidi ya hayo, sehemu ndogo tu ya mkondo, mara nyingi kama moja ya tano, ndiyo inayobebwa na lithiamu yenyewe.

Hapa ndipo utayarishaji unapoamua mengi. Njia iliyozoeleka ni kukausha polima katika ombwe kwa joto lisilofikia kuyeyuka kwake, kukausha chumvi kwa joto kubwa zaidi, kuviyeyusha vyote katika kiyeyushi kiitwacho asetonitrili kwa saa nyingi, kumwaga mchanganyiko kwenye sahani ya tefloni na kukiacha kiyeyushi kitoke. Njia hii ni rahisi na hutoa utando mwembamba ulio sawasawa. Lakini mabaki kidogo ya asetonitrili, au unyevu ambao LiTFSI huufyonza kwa pupa, hulainisha minyororo na kuongeza upitishaji wa ioni. Mtafiti akadhani amepata polima bora, kumbe amepima kiyeyushi. Kukandamiza kwa joto bila kiyeyushi huondoa shaka hiyo, nami naamini ndiyo njia inayofaa zaidi kwa tarakimu za kuchapishwa, ingawa nayo ina hatari yake: joto pamoja na oksijeni hukata minyororo, kwa hiyo kazi hiyo lazima ifanyike katika hewa ya argoni iliyo kavu.

Kuna pia historia ya joto, jambo linalosahaulika mno. Utando uliopimwa mara tu baada ya kupozwa huwa haujaunda fuwele zake zote, na baada ya siku kadhaa unaweza kutoa tarakimu ndogo zaidi. Vivyo hivyo kwa chembe ndogo sana za titani oksidi na alumini oksidi, ambazo mwaka 1998 kundi la mtafiti Scrosati lilionyesha kwamba huzuia fuwele: manufaa yake hupimika kwa haki tu pale utando usio na chembe unapopitishwa katika joto na muda uleule.

Wanaosema PEO imepitwa na wakati wana hoja nzito kuhusu betri zenye volti kubwa, kwa kuwa huanza kuoksidika karibu na volti 4 dhidi ya lithiamu. Lakini kwa elektrodi ya chuma fosfeti, inayofanya kazi karibu na volti 3.4, imefika hadi barabarani: magari ya Bolloré yaliyotumika Paris katika huduma ya kukodisha magari ya umeme ya Autolib kati ya 2011 na 2018 yalikuwa na betri za polima zilizohitaji kupashwa joto.

Kwa hiyo ripoti ya maabara ingepaswa kuonyesha angalau mambo mawili: spektra ya infraredi isiyo na alama ya asetonitrili karibu na 2250 kwa sentimita, na upitishaji uliopimwa wakati wa kupasha na tena wakati wa kupoza, pamoja na muda ambao utando ulipumzishwa kabla ya kila kipimo.