Nyuzi za kaboni kutoka masalia ya mafuta: Nakuru ianzie wapi?

Zaidi ya asilimia 90 ya nyuzi za kaboni, yaani nyuzi nyembamba, nyepesi na imara, zinazouzwa duniani hutokana na poliakrilonitraili, plastiki ambayo peke yake hubeba karibu nusu ya gharama ya uzi. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walikadiria kwamba masalia mazito ya kusafishia mafuta yakitumiwa badala yake, bei inaweza kushuka kutoka dola 22 hivi kwa kilo hadi chini ya dola 7. Nakuru ina sababu ya kulitazama jambo hili. Olkaria, penye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, imo ndani ya kaunti, na usiku, mahitaji ya stima yakishuka, sehemu ya mvuke wake huachiliwa hewani. Kutengeneza nyuzi hizi kunakula joto. Basi kwa nini tanuri zisijengwe Naivasha?

Upande wa hesabu ya malighafi, hoja hiyo ni imara. Plastiki ile hupoteza nusu ya uzito wake tanurini, na miongoni mwa gesi zinazotoka ni sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali. Pichi, yaani lami ngumu inayopatikana kwa kupika masalia ya mafuta, hubakiza karibu asilimia 80. Tena huyeyushwa na kuvutwa moja kwa moja, bila kiyeyushi cha kununua na kurejesha.

Swali la kwanza ni pichi itoke wapi. Masalia yanayofaa ni yale ya mtambo wa kichocheo unaovunja molekuli kubwa za mafuta kuwa petroli, kwa kuwa yamejaa molekuli za pete, yaani zile ambazo atomi zake za kaboni zimefungana duara. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na hata kilipokuwa kikifanya kazi hakikuwa na mtambo huo. Kinachofika Nakuru na Kisumu kwa bomba ni mafuta yaliyokwisha kusafishwa, hayana masalia. Mafuta ghafi ya Turkana nayo yana nta nyingi, yaani minyororo mirefu badala ya pete. Kwa hiyo pichi itaagizwa kwa meli, na kila kilomita kutoka Mombasa inapunguza ule unafuu.

Wengine hufikiria lami ya barabara au oili chafu ya gereji. Lami ya barabara hulainika kwenye nyuzijoto 50 hivi. Uzi wake ungeyeyuka kabla ya kumaliza hatua ya hewa moto, ile inayoufanya usiyeyuke tena. Oili chafu ina zinki, kalsiamu na vumbi la chuma, na mafuta yake ya msingi huvukiza au kuvunjika kabla ya kuwa pichi. Gereji iiuze kwa wanaoisafisha upya.

Tuseme pichi imepatikana. Masalia huchujwa kwanza kuondoa chembe za kichocheo, maana chembe moja ngumu ndani ya uzi wa mikroni 10 ndiyo mahali utakapokatikia. Yakishachujwa hupikwa kwenye nyuzijoto 350 hadi 430 chini ya naitrojeni, yakikorogwa kwa saa kadhaa, hadi kiwango cha kulainika kipande na kupita 250. Halafu pichi husukumwa kupitia matundu ya kama robo milimita, kwenye joto lililozidi kiwango hicho kwa digrii 40 hadi 60. Hapa ndipo mtu huumia: unato wa pichi, yaani uzito wake wa kutiririka, hubadilika kwa kasi mno, kiasi kwamba kuyumba kwa digrii chache hukata uzi au kuunenepesha. Uzi mbichi wenyewe ni mwepesi kuvunjika, haukunjiki wala kuzungushwa ovyo kama nailoni.

Hatua inayokula muda ni ya hewa moto. Joto hupandishwa polepole, karibu digrii moja kwa dakika, hadi 280 au 300, ili oksijeni ifunge molekuli kutoka nje hadi kiini. Ukiharakisha, kiini hubaki kibichi, nyuzi hushikana, na tanurini hutoka fungu moja lisilofaa kitu. Hatua hii pia huzalisha joto lake yenyewe. Stima ikikatika na feni zikasimama, fungu zima linaweza kushika moto, kwa hiyo jenereta ya akiba lazima iingie katika bei ya uzi. Mwisho ni naitrojeni tena, nyuzijoto 1,000 na zaidi, na oksijeni ikivuja humo huula uzi. Moshi wa pichi una benzopairini, inayosababisha saratani, hivyo kuchoma gesi zinazotoka ni lazima.

Ukishafanya hayo yote, unapata nini? Pichi ya kawaida hutoa uzi wenye nguvu ya kustahimili kuvutwa ya gigapaskali 0.6 hadi 1. Uzi wa kaboni wa kawaida wa plastiki hufika 3.5, na hata wa kioo, ule wa faibaglasi, huushinda kwa mbali huku ukiuzwa dola moja au mbili kwa kilo. Ipo pichi ya daraja la juu, ambayo molekuli zake zimejipanga kama fuwele, na uzi wake ni mgumu kuliko chuma mara kadhaa. Lakini kuipika na kuivuta ni kazi ngumu zaidi, na bado uzi wake huwa dhaifu unapobanwa. Watafiti wa MIT walishughulikia hasa udhaifu huo, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa ya kukokotoa kwa kompyuta.

Kwa hiyo mshindani wa Naivasha ni faibaglasi, na kwa mashua ya Dunga, Kisumu, au tangi la maji faibaglasi inatosha. Uzi dhaifu wa pichi una soko lake: vipande vifupi vya kuchanganya kwenye zege nyembamba isipasuke, na mikeka ya kupasha joto, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme. Huko nguvu ya uzi si hoja kubwa.

Ningeweka pesa kwenye karakana kabla ya tanuri. Mafundi wa Nakuru na Kisumu wanunue uzi uliokwisha tengenezwa, wajifunze kuondoa hewa kwenye resini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi, kupima kiasi cha uzi katika kila ubao, na kuweka tabaka la faibaglasi kati ya kaboni na alumini, kwa sababu vikigusana penye unyevu alumini huliwa. Tanuri ijadiliwe karakana hizo zikishamaliza tani kadhaa kwa mwezi, na muuza pichi akubali kuandika katika mkataba kiwango cha majivu na cha kulainika kwa kila shehena.