Sketi ya Madge Syers na visingizio vya wakubwa

Mwaka 1902 mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye barafu yalifanyika London. Washindani walikuwa wanne: wanaume watatu na Madge Syers, binti wa miaka 20. Kanuni hazikuwa na kifungu cha kumzuia, maana waliozitunga hawakuwahi kuwaza kwamba mwanamke angejiandikisha. Basi akaingia, akawaacha wanaume wawili, akamaliza wa pili nyuma ya Ulrich Salchow wa Sweden, simba wa mchezo huo enzi zile.

Kilichofuata ndicho kinachonikera. Mwaka 1903 wakubwa wa mchezo huo duniani walikaa kikao wakawafungia wanawake mlango. Sababu? Eti sketi ndefu inaficha miguu, jaji haoni kitu. Eti jaji anaweza kujikuta anampa alama msichana anayempenda. Eti ni vigumu kumlinganisha mwanamke na mwanamume.

Ya sketi ina chembe ya ukweli. Siku hizo alama nyingi zilitoka kwenye michoro: unachora duara au namba nane juu ya barafu kwa chuma cha kiatu, kisha unapita tena juu ya mstari uleule, na jaji anakodolea macho mguu wako na alama ulizoacha. Sawa. Lakini dawa ya hilo si mkasi tu wa fundi cherehani? Madge mwenyewe baadaye alipandisha pindo hadi katikati ya muundi, mambo yakaisha. Ile ya pili ndiyo kichekesho: moyo wa jaji ukiyumba, anayefungiwa ni mshindani!

Nyumbani Uingereza hawakumzuia. Mwaka huohuo wa 1903 akatwaa ubingwa wa taifa, na 1904 akautetea kwa kumshinda Edgar, mumewe, aliyekuwa pia mwalimu wake. Natamani ningeyasikia maongezi ya mezani jioni ile.

Baadaye wakubwa wakalegeza kidogo, wanawake wakatengewa mashindano yao. Madge akashinda Davos 1906, akashinda tena Vienna 1907. Wengi husifu hatua hiyo; mimi naiona nusu mkate. Mtu ameshaonyesha anaweza kukaa sebuleni na wenzake, wewe unamjengea chumba cha uani.

Oktoba 1908 ikaja Olimpiki ya London, kwenye barafu ya Prince's Skating Club. Majaji wote 5 walimweka Madge wa kwanza, katika michoro na katika kuteleza kwa mtindo huru. Akaongeza shaba ya wawili wawili pamoja na Edgar. Dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Salchow, kwenye barafu ileile, lakini yeye na Madge hawakupambanishwa.

Afya ikamlazimu kuacha mashindano. Alifariki Septemba 1917 kwa maradhi ya moyo, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 36.