Urea au CAN kwenye mchicha: tupige na hesabu ya mizizi

Mkulima wa mchicha bonde la Msimbazi akienda kununua mbolea ya kukuzia, anaangalia bei. Hapo urea inashinda: ina asilimia 46 ya naitrojeni, CAN (kalisi amoniamu naitreti) ina 26 hivi. Lakini mmea nao una gharama zake, na unazilipa kwa sukari inayoungua kwenye upumuaji.

Kinadharia, amoniamu, aina ya naitrojeni inayotokana na urea, ni nafuu kwa mmea. Naitreti, aina nyingine iliyomo kwenye CAN, inadai elektroni 8 kwa kila molekuli kabla haijawa amoniamu. Kazi hiyo ikifanyika mizizini, elektroni zinatoka kwenye sukari. Ikifanyika kwenye jani juani, mwanga unabeba sehemu kubwa.

Tatizo ni kwamba naitreti inahifadhika ndani ya seli, amoniamu haihifadhiki vizuri. Lazima mzizi uifunge haraka kwenye asidi za amino, tena kwa kaboni itokayo kwenye upumuaji huohuo. Ikizidi, mimea mingi huisukuma nje, ikaingia tena, ikasukumwa tena, na nishati inapotea bure. Kwenye shayiri imepimwa: upumuaji wa mizizi hupanda. Mpunga, uliozoea matope, unavumilia. Joto la Februari hapa Dar linazidisha hasara, maana udongo wa moto tayari unaharakisha upumuaji na kumaliza sukari ya mizizi.

Hata hivyo, siungi mkono kuikataa urea. Kwenye tuta lisilotuamisha maji, bakteria huigeuza kuwa naitreti ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Na CAN yenyewe nusu ya naitrojeni yake ni amoniamu, na naitreti iliyobaki huzama haraka na mvua kwenye udongo wa kichanga. Maji yakituama, naitreti hugeuka gesi na mzizi unakosa oksijeni. Hapo chimba mfereji kwanza, mbolea ije baadaye.

Kosa kubwa ni kumwaga urea kwa kiganja, hasa kwenye tuta lenye majivu au samadi mbichi: gesi ya amonia inapanda na kuunguza miche. Yeyusha gramu 50 kwenye lita 10 za maji, mwagilia mita 10 za mraba jioni, kisha suuza majani. Rudia baada ya siku 7 hadi 10. Ukitumia CAN, naitrojeni ileile inataka gramu 90 kila mara.

Kabla ya kurudia, ng'oa mche mmoja. Ncha za mizizi zikiwa fupi, nene na za kahawia, ahirisha awamu ya pili.